UZI: Wenyeheri wa ukanda wetu tusiowajua: boi wa Ikili, makatekista wa Paimol, nesi wa wapagazi wa Kilwa, mkaguzi wa mchele wa Goma

Mwanakigango

Wakuu, amani kwenu.

Mwombe Mkatoliki yeyote wa Afrika Mashariki akutajie watakatifu wa kwetu. Ataanza na Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake 21, ataongeza Bakhita wa Sudani, halafu atakwama. Lakini mwambie ataje wa Ulaya uone: Rita, Antoni wa Padua, Yohane Bosco, Teresia wa Mtoto Yesu. Jumuiya zetu zimejaa majina hayo, na ni majina mema. Ila wapo wenyeheri, watu waliobakiza hatua moja kuitwa watakatifu, waliozikwa safari ya basi kutoka tulipo, na hata katekisimu ya watoto haiwagusi.

Nauweka uzi huu kwa ajili yao. Sitawamaliza. Nimechukua wale ambao kifo chao kilitoka katika kazi waliyokuwa nayo mkononi, maana hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Boi wa mzungu. Katekista mtoto. Nesi. Mkaguzi wa bidhaa. Karibu kila mmoja alifika mahali akaambiwa aache kitu kimoja tu ili aishi, naye hakukiacha.

Naanza na Isidore Bakanja. Mkongo, wa jamii ya Wamongo, alizaliwa miaka ya 1880 kijiji cha Bokendela. Alipokua alishuka kwenda Mbandaka, mji ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville, akapata kibarua cha kumsaidia fundi mwashi. Huko akakutana na wamisionari Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa rozari na Skapulari ya Mama wa Karmeli, kitambaa kidogo kinachovaliwa shingoni. Tangu siku hiyo hakuivua. Kwake ilikuwa alama ya kwamba yeye ni Mkristo, kila amtazamaye aione.

Mkataba ulipokwisha akarudi bara na kuajiriwa kuwa boi wa wakala mmoja wa kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa ikikusanya mpira na pembe za ndovu. Wakumbuke wasomaji hiyo ni Kongo ya aina gani: nchi ambayo watu walikuwa wakipigwa na kukatwa viganja kwa sababu ya utomvu wa mpira. Bakanja na bwana wake wakahamia kituo cha Ikili, ambako meneja alikuwa Van Cauter, mtu aliyewachukia mapadre kwa sababu mapadre waliona yanayotendeka na kuyasema. Alipomkuta Bakanja akisali na kuwafundisha vibarua wenzake sala, alimwamuru avue skapulari. Bakanja hakuivua. Akapigwa. Akaamriwa tena.

Mwaka 1909 meneja aliing'oa skapulari ile kwa mkono wake na kumtupia mbwa, kisha akaamuru Bakanja alazwe chini na kuchapwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari. Mapigo yalipita 100. Mgongo ukawa nyama tupu. Baada ya hapo akafungwa minyororo miguuni.

Mkaguzi wa kampuni alipokuwa njiani kuja, meneja alimwondoa Bakanja haraka ili asionekane. Bakanja akajificha porini, kisha akajikokota hadi mbele ya mkaguzi. Yule mkaguzi aliandika alichokiona: mtu anayetoka msituni akiegemea fimbo mbili, mgongo umeoza, ananuka. Akamchukua akauguzwe. Vidonda havikupona. Aliugulia miezi kadhaa. Mwezi Julai wakaja mapadre wawili wakampa sakramenti na kumwomba amsamehe aliyempiga. Akasema amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Naendelea chini. Karibuni mchangie.

Mswahili wa Tanga

Mkuu, hongera kwa uzi. Mimi ni Mprotestanti, nauliza kwa nia njema. Huyu kijana alikufa kwa ajili ya kitambaa cha shingoni. Angekivua, akaendelea kumwamini Yesu moyoni, angepungukiwa nini?

Mwanakigango

Swali zuri, ndugu yangu, na nimeshalisikia hata kwa Wakatoliki.

Tazama meneja alitaka nini. Kitambaa cha sufu hakikumzuia kukusanya mpira. Kilichomsumbua ni kwamba boi huyu anafundisha wengine kusali, na alisema wazi kwamba mambo hayo yakienea hakuna mtu atakayefanya kazi. Aliona mbali. Kibarua anayejua kwamba ni mtoto wa Mungu, kesho atauliza kwa nini mwenzake kakatwa mkono. Kwa hiyo amri ya kuvua skapulari ilikuwa amri ya kukiri kwamba meneja ndiye mmiliki wa kila kitu, mpaka wa shingo ya mtu na sala iliyo kinywani mwake. Bakanja alimtumikia kwa mikono, akapika, akafua, akapanga meza. Hilo la mwisho tu ndilo alimnyima.

Hata Danieli angeweza kufunga dirisha akasali kimyakimya, asitupwe kwa simba.

Mwanakigango

Sasa twende Uganda ya kaskazini, kwa Waacholi. Daudi Okelo na Jildo Irwa. Hawa ni wa pili kwa kusahaulika, kwa sababu wako kivulini mwa Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda. Mahujaji wanaojaa Namugongo kila tarehe 3 Juni, wachache mno wamewahi kusikia habari za Paimol.

Walibatizwa Juni 1916 na wamisionari Wakomboni wa Kitgum. Mwaka 1917 katekista wa Paimol alifariki. Daudi, kijana wa miaka kama 16 hadi 18, akajitolea kwenda kushika nafasi yake, na Jildo mwenye miaka kama 12 hadi 14 akasema ataongozana naye. Padre aliwaeleza wazi kwamba Paimol si pazuri: watu wanazozana, wanyang'anyi wanapita. Akawauliza, mkiuawa je? Wakajibu kwamba watakwenda mbinguni.

Kazi yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Alfajiri Daudi anapiga ngoma kuwaita watoto kwenye sala ya asubuhi. Mchana wanakwenda shambani na wenyeji, wanalima pamoja nao. Jioni rozari na mafundisho kwa kuimba, kwa maana watoto hawakuwa na vitabu. Jildo ndiye aliyekuwa akiwachezesha wenzake na kuwakusanya.

Mwaka 1918 ulikuwa mbaya. Serikali ya kikoloni iliingilia uchifu wa Paimol, watu wakaasi, na katika hasira ile dini ya wageni ikahesabiwa pamoja na wageni wenyewe. Wazee wa kijiji waliwashauri vijana hawa waondoke. Hawakuondoka. Kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba 1918, kabla hapajapambazuka, walikuja watu wakawataka waache kufundisha. Daudi akachomwa mkuki kwanza. Jildo angeweza kuachwa, alikuwa mtoto. Alisema walikuwa wakifanya kazi moja na mwenzake, basi kama kuna sababu ya kumuua Daudi, na yeye sababu hiyo anayo. Wakamuua.

Makatekista wa vigango, hawa ni wenu. Mnatembea kilomita nyingi mkapate posho ndogo au msipate, padre anakuja mara moja kwa mwezi, nanyi ndio kanisa lenyewe siku zilizobaki. Walitangazwa wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002, Jumapili ya Kimisionari.

Dada wa Kwaya

Mwanakigango, asante, huyu Jildo amenitoa machozi. Mimi niwaongezee Anwarite, kwa sababu wasichana wengi wanabeba jina hilo na hawajui limetoka wapi.

Sista Maria Klementina Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Baba yake alimwacha mama yake kwa sababu alizaa wasichana watupu, na binti alijua machungu hayo toka utotoni. Akajiunga na shirika la Jamaa Takatifu pale Bafwabaka, akafunga nadhiri za kwanza tarehe 5 Agosti 1959. Kazi zake zilikuwa sakristia, jikoni, na kufundisha watoto.

Tarehe 29 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wapiganaji walifika konventini na lori, wakawapakia masista wote, wakawafikisha Isiro. Kanali mmoja akamtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kanali wa pili, Olombe, akapewa kazi ya kumlazimisha, naye mwenyewe akamtamani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba alijaribu kumwingiza yeye na sista mwenzake ndani ya gari kwa nguvu. Wakakataa, wakapigwa kwa kitako cha bunduki mpaka mwenzake akavunjika mkono. Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, maana hajui alitendalo. Akachomwa singe, kisha akapigwa risasi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, wazazi wake wote wawili wakiwapo. Kwenye mahubiri Papa alisema kwamba naye, kwa niaba ya Kanisa zima, anamsamehe muuaji.

Ninachowaomba wanaofundisha wasichana: msimweleze Anuarite kama hadithi ya bikira tu. Ni habari ya mwanamke aliyemwambia mtu mwenye bunduki kwamba mwili wangu si wako. Dada zetu wa Kivu na Ituri wanaihitaji habari hiyo leo.

Mtoto wa Uvira

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa kule Kivu ya Kusini, kwa sasa naishi Kigoma. Siku chache kabla ya Anuarite kuuawa, uasi huohuo ulipita kwetu kando ya ziwa Tanganyika, na watu wa Baraka na Fizi wanakumbuka.

Tarehe 28 Novemba 1964 gari la wapiganaji lilifika misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Mwitaliano wa shirika la Waksaveri, aliambiwa apande. Hakupanda, akapigwa risasi. Padre Luigi Carrara alikuwa ndani anaungamisha watu. Akatoka, akaona bruda wake chini. Naye akaamriwa apande. Akajibu kwamba kama wanataka kumuua, afadhali afe hapa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti. Jioni wakafika Fizi, wakawaua Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert mlangoni.

Huyu Joubert ni wa kwetu, alizaliwa upande wa Moba mwaka 1908, baba Mfaransa na mama Mwafrika. Wengi wanasema "wamisionari wanne wa Italia", si kweli. Watatu ni Waitaliano, wa nne ni padre wa Kongo. Walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza kwa niaba ya Papa. Watu walikuja hata kama njia zetu mnajua zilivyo.

Mwanakigango

Mtoto wa Uvira, karibu sana, na asante kwa sahihisho la Abbé Joubert. Hilo kosa limeandikwa mahali pengi.

Sasa niwaletee aliyepita Tanzania bara na pwani, na ambaye nadhani hata waamini wa Lindi hawaelezwi habari zake: Sista Irene Stefani, Mkonsolata.

Alizaliwa Anfo, Italia ya kaskazini, mwaka 1891. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwanzoni mwa 1915 akashuka Mombasa. Vita ya Kwanza ilikuwa imeshaanza. Waingereza na Wajerumani wanapigana katika nchi za watu wengine, na mizigo yao wanabebeshwa Waafrika: risasi, vyakula, mizinga iliyofunguliwa vipande. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Hospitali zao zilikuwa vibanda tu. Irene alihudumia huko Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, hadi 1919.

Kitu kimoja cha Kilwa kinasimuliwa na ninakirudia kila nikipata nafasi. Kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini ili abatizwe. Siku moja akakuta kitanda chake kitupu, akaambiwa amekufa, amepelekwa ufukweni na maiti wengine. Akaenda. Akaanza kuwageuza wale maiti mmoja mmoja mpaka akampata, na yule mtu alikuwa bado anapumua. Akambatiza palepale.

Fikirini hali ya jeshi linalomtupa mtu ufukweni kabla hajakata roho. Katika vitabu vya jeshi wapagazi walikuwa namba. Mwanamke huyu alikuwa akiwajua kwa majina, akiwaandikia barua za nyumbani, akimtafuta mmoja kati ya maiti.

Baada ya vita alipelekwa Gikondi, Nyeri, akakaa miaka kumi akifundisha shule na kupanda vilima kutembelea wagonjwa. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma, na hadi leo ukisema Irene Stefani pale Gikondi wanaweza kusita, ukisema Nyaatha wanakuonyesha njia. Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na tauni. Akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, ana miaka 39. Baada ya muujiza mmoja kuthibitishwa, alitangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na mwakilishi wa Papa siku hiyo alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam.

Msomaji Lindi

Mkuu, nimezaliwa Lindi, nimebatizwa Lindi, jina hili nalisikia leo kwa mara ya kwanza. Naomba ufafanuzi: kwa nini Sista Irene alihitaji muujiza na hao wengine sikuona umetaja muujiza?

Mwanakigango

Kwa sababu wengine ni wafiadini. Kanisa likithibitisha kwamba mtu aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, anaweza kutangazwa mwenyeheri bila muujiza. Asiyeuawa hivyo, kwa kawaida huchunguzwa kwanza kama aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa, kisha unasubiriwa muujiza mmoja uliothibitishwa. Kutoka mwenyeheri kwenda mtakatifu, wote kwa kawaida wanahitaji muujiza, hata mfiadini. Mwenyeheri huheshimiwa hasa katika jimbo lake au shirika lake, mtakatifu Kanisa zima. Ndiyo maana huwaoni kwenye kalenda ya kawaida ya ukutani.

Muujiza wa Irene ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na familia zao, zaidi ya watu 200, walikwama kanisani siku kadhaa, nje risasi zinalia, ndani hakuna maji isipokuwa kidogo yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo kilichochongwa kwenye gogo. Wakamwomba Sista Irene. Maji yale waliyanywa wote, wakamnawisha mtoto mchanga aliyezaliwa mle ndani, na hayakuwaishia. Walioshuhudia walikuwa wanakijiji, wakahojiwa mmoja mmoja.

Mswahili wa Tanga

Nimekuelewa kuhusu Bakanja. Je, yupo wa wakati wetu? Hawa wote ni wa zamani za ukoloni na vita.

Mwanakigango

Yupo, na kwa mtu mzima wa leo huyu ni rika lake. Floribert Bwana Chui, alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, mtu wa Kiswahili kama sisi. Alisoma sheria. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, ya walei Wakatoliki, na jioni zake nyingi aliwapa watoto wa mitaani, wale wanaoitwa maibobo, akiwafundisha kusoma na kumlipia mmoja wao shule.

Akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia mpakani. Kazi yake ilikuwa kusema shehena hii inafaa kuliwa, hii haifai. Ukaja mchele ulioharibika. Wafanyabiashara wakampa rushwa aupitishe, akakataa, wakapandisha dau hadi maelfu ya dola, akakataa. Simu zikaanza kupigwa. Alimwuliza sista mmoja ambaye ni daktari kama chakula kile kingeweza kuua watu, na alipojibiwa, akaamuru kiteketezwe. Tarehe 7 Julai 2007 akatekwa. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye, una alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Watu waliuliza: hii ni imani, au ni uaminifu kazini tu? Roma ilijibu mwishoni mwa 2024 kwamba ni kifodini. Nalikubali jibu hilo kwa moyo wote. Bwana Chui hakuambiwa amkane Kristo. Aliambiwa atie sahihi. Lakini aliwaona maibobo wake ndio watakaokula mchele ule, kwa sababu mchele mbovu huishia kwa maskini, na kwake kutia sahihi na kupokea komunyo Jumapili havikukaa pamoja. Mashahidi wa namna hii tutawahitaji, kwa sababu wengi wetu hatutawahi kuwekewa mkuki kifuani, ila bahasha mezani tutawekewa.

Alitangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Goma yenyewe ilikuwa vitani. Kusini mwa bara yupo anayefanana naye, Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu mkuu aliyeuawa tarehe 2 Februari 1990 kwa kukataa kuchanga pesa za kumwita mganga awataje wachawi kijijini. Yeye ni mwenyeheri tangu 2015, na Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, habari yake ingefaa kusomwa altareni.

Dada wa Kwaya

Na wale wa Mombasa wa Ngome ya Yesu? Na Mwalimu Nyerere?

Mwanakigango

Wa Mombasa waliuawa Agosti 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo, alipowaasi Wareno. Kulikuwa na mapadre Waagostiniani, Wareno wa kawaida, na Waafrika Wakristo. Hawajatangazwa wenyeheri. Kesi yao ni ngumu kuitenganisha na siasa, kwa kuwa Wareno nao walikuwa wameutendea vibaya mji ule na baba yake sultani. Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza, na mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma.

Ombi langu kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo: mkigawa jumuiya mpya mwakani, kaeni na paroko mumwulize kuhusu majina haya. Kanisa lenyewe haliwezi kupewa jina la mwenyeheri bila ruhusa ya Roma, lakini kumsimulia siku ya kifo chake hakukatazwi: Bwana Chui tarehe 8 Julai, Bakanja 15 Agosti, Irene 31 Oktoba, wale wa Fizi na Baraka 28 Novemba, Anuarite 1 Desemba. Msomaji Lindi, wewe uko karibu kuliko sisi. Waulize wazee wa Kilwa Kivinje kambi ya wapagazi ilikuwa upande gani, kisha utuandikie hapa.